Usiwahesabu kwa Kidole

Droo ya mia nne na sita, ghorofa ya tatu, Tring.
Naivuta kwa mikono miwili, polepole,
maana kabati hizi hukohoa zikiharakishwa.
Harufu ya dawa ya nondo inanipokea
kama sanduku la nguo za arusi la shangazi, Wundanyi.

Wamelala chali, safu mbili,
miguu imefungwa kwa uzi, kila uzi na kikaratasi chake.
Kijani cha majani yaliyonyeshewa usiku.
Utepe wa buluu juu ya mdomo, kama mtoto aliyeonja wino.
Na tumboni, chini kabisa, doa la chungwa,
si chungwa la kwetu, linaloiva likabaki kijani,
bali lile la kwenye picha.
Macho ni pamba.

Glenys anasoma, mimi naandika.
Penseli tu; wino hauruhusiwi huku.
Dume, kisiwani, mwezi wa pili.
Jike, pwani ya bara, kwenye magugu ya chumvi.
Mwandiko wa mtu aliyekuwa na baridi na haraka.
Mimi nilijifunza mwandiko kwenye daftari la Kasuku,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
na Mwalimu Mwakio akipita katikati ya madawati:
Msikariri kama kasuku!
Tukajibu kwa pamoja: Hatukariri kama kasuku!

Hawa hawakukariri kitu.
Alipokuwa hai, Glenys anasema, alikuwa na gramu arobaini na tano.
Yai la kuku wa kienyeji.
Basi yai hilo lilivuka mkono wa bahari kila mwaka,
kwenda na kurudi, kwa ajili ya mbegu ndogo kama punje za mchanga.
Wakubwa hutangulia.
Watoto hubaki wiki kadhaa, wakinenepa,
kisha siku moja nao huondoka,
bila wa kuwaonyesha njia.

Mama hakutaka kuku wahesabiwe kwa kidole.
Nilipigwa kofi la mkono kwa vifaranga sita:
Ukiwanyooshea, mwewe anasikia.
Na hapa mwewe wako juu ya paa kila adhuhuri,
wekundu, mikia imepasuka kama mkasi,
nami nalipwa kwa saa, ninyooshe kidole.

Kumi na tisa, nasema.
Kumi na tisa, Glenys anaitikia, anatia alama.

Wakati wa chai ananipa simu yake nisome.
Kule kusini, msimu huu, wamewasubiri kwenye vichaka vyao.
Waliorudi ni kumi na saba.
Glenys anatafuta biskuti.
Mimi naosha kikombe,
nakiosha tena.
Droo yetu imewazidi wawili.
Nilitaka kuomba radhi, sikujua niombe kwa nani,
nikarudi juu, nikaisukuma ndani
bila kuiachia igonge.

Jioni, njia ya kanisani, kulikuwa na kelele mitini.
Kasuku wengine hawa, wakubwa zaidi, wenye pete shingoni,
wazao wa waliotoroka vizimbani.
Bwana Tuffnell alisimama na mbwa wake mzee.
Si wa hapa hawa, akaniambia.
Waliletwa tu. Sasa wamejaa, wanamaliza matufaha yangu.
Kisha akanitazama, akakohoa,
akainama kurekebisha mkanda wa mbwa
ambao haukuwa na kasoro.

Matufaha yenyewe matamu? nikamuuliza.
Machachu, akasema. Machachu mno.
Tukacheka kidogo, kila mtu kwa sababu yake.

Ndipo wakaruka wote kwa mkupuo,
kijani juu ya mnara, juu yetu,
wakipayuka kama shule iliyofunguliwa lango.
Mkono wangu ulikuwa umeanza kuinuka,
kidole cha shahada kimeshajitenga na wenzake.

Nikautia mfukoni.